Mapambo ya Krismasi ya Mitumba: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na karibu zote zinazungumzia jambo moja, yaani mapambo ya Krismasi ya miaka ya nyuma yanayonunuliwa mitumba, na namna ya kuyaweka katika nyumba ya leo bila kuyaharibu. Nimekuwa nikikusanya vitu hivi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka huthibitika kwangu kwamba anayejua kitu kilitengenezwa vipi hujua pia umri wake, namna ya kukisafisha, mahali pa kukiweka na kama kuna sababu ya kukiogopa. Ndiyo maana katika majibu haya nitawarejea mara kwa mara mafundi walioshika kazi hii kabla yetu.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mwezi uliopita, kwenye uuzaji wa vitu vya familia iliyokuwa inahama, nilinunua boksi la kadibodi lenye mipira kumi na miwili ya kioo ya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Baadhi ni myekundu, mingine ni ya buluu yenye mistari myeupe, na mitatu haina rangi kabisa isipokuwa mistari myembamba, tena badala ya kifuniko cha bati ina kipande cha karatasi ngumu. Yote ina vumbi, na miwili ina madoa meusi. Dada yangu anasema ile mitatu ni mibovu na niitupe. Nitajuaje umri wake, na je, niioshe?
Mnunuzi mpya

JIBU: Marahaba mwanangu. Ile mitatu isiyo na rangi ndiyo iliyonifanya niitangulize barua yako, na ninamwomba dada yako asiiguse. Mpira wa kioo usio na fedha ndani, uliochorwa mistari michache tu na kufungwa kwa karatasi ngumu, ndiyo sura halisi ya mapambo yaliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Fedha na bati vilihitajika kwa mambo ya vita, kwa hiyo viwanda vilibaki na kioo na rangi kidogo, vikafanya kile kilichowezekana. Upungufu anaouona dada yako ni cheti cha kuzaliwa cha mipira hiyo, na ukiinyanyua mbele ya dirisha asubuhi utaona jinsi mwanga unavyopita ndani yake moja kwa moja, jambo ambalo mipira yenye fedha haiwezi kulifanya.

Ili uielewe mingine tisa, inafaa turudi nyuma kidogo. Katika mji wa Lauscha, kwenye milima ya Thuringia nchini Ujerumani, kazi ya kioo ilianza mwaka 1597, na kufikia katikati ya karne ya 19 mafundi wa huko walikuwa wakipuliza mapambo ya mti wa Krismasi majumbani mwao. Ilikuwa kazi ya familia nzima. Baba aliketi mbele ya ndimi za moto na mrija wa kioo, akaupuliza hadi ukavimba kuwa tufe, tunda au ndege. Mama alimimina ndani maji ya nitrati ya fedha na kulitikisa pambo mpaka kuta zake za ndani zikawa kioo cha kujitazamia. Kisha pambo lilichovywa katika rangi, likatundikwa likauke, na watoto wakakata shingo na kuvisha kifuniko. Mwaka 1880 mwenye maduka wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuuza mapambo hayo, na biashara ikapanuka kuvuka bahari. Baadaye, mwaka 1937, mfanyabiashara mwenye asili ya Ujerumani aitwaye Max Eckardt alianzisha chapa ya Shiny Brite, na kwa kuhofia kwamba vita vitakata njia ya kupata bidhaa kutoka Ujerumani aliishawishi kampuni ya Corning, iliyokuwa na mashine ya kupuliza balbu za taa kwa kasi kubwa, ipulize pia mapambo ya Krismasi.

Kutokana na historia hiyo una njia ya kuitambua mipira yako. Bana polepole waya wa kifuniko cha bati, kivue, uitazame shingo. Shingo ndefu, nyembamba, yenye ukingo uliokatika kama jino huelekea kuwa ya pambo lililopulizwa kwa mdomo, na mpira wenyewe utakuwa mwepesi ajabu mkononi. Shingo fupi zinazofanana zote kwenye boksi moja, na kioo chenye unene ulio sawa kila upande, ni kazi ya mashine. Kisha soma kifuniko na boksi. Maneno "Occupied Japan" yaliwekwa kwenye bidhaa za Japani katika miaka ya kukaliwa na majeshi ya nje, kuanzia 1945 hadi 1952, na "West Germany" hayawezi kuwa ya kabla ya 1949 wala ya baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Boksi lisikudanganye, kwa maana kila familia ilipovunja mpira mmoja ilijaza nafasi yake kwa mwingine wowote iliyoupata, na hivyo boksi la miaka ya 1940 laweza kuwa limebeba vizazi vitatu.

Kuhusu kuosha, jibu langu ni hapana, na ninalisema hili kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimpata ndege wa kioo mwenye mkia wa nyuzi za kioo, amesimama juu ya kibanio cha bati cha kumshikiza tawini. Alikuwa na vumbi la miaka mingi, nami nikamtia katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, kwa muda usiozidi nusu dakika. Rangi ya waridi ya kifua chake ilitoka yote ikabaki kwenye kidole gumba changu. Maji yaliyopenya kwenye tundu la mkia yakaanza kuibandua fedha ya ndani, vipande vidogo vidogo, kama ngozi iliyoungua kwa jua, na kufikia jioni tumbo lake lilikuwa wazi upande mmoja. Rangi ya nje ya mapambo mengi ya zamani haikuundwa ili iloweshwe, na fedha ya ndani haina kinga yoyote dhidi ya unyevu. Chukua brashi laini ya kuchorea, kavu kabisa, shika mpira kwenye sehemu iliyo karibu na shingo, upanguse vumbi kwa kulielekeza chini. Hapo ndipo usafi unapoishia. Yale madoa meusi ni fedha iliyoshika kutu kwa sababu ya hewa yenye unyevu iliyoingia kupitia shingo. Hayatoki, na ukiyasugua kwa nje utaondoa rangi bure. Geuza upande wa doa uelekee shina la mti.

SWALI: Mshauri, salaam. Nimeagiza kutoka Marekani taa za mti wa Krismasi za zamani, waya mitatu, kila waya una balbu nane, na baadhi ya balbu zimefinyangwa kwa sura ya wanasesere na vibuyu vya taa. Waya zimefunikwa kwa kitambaa. Fundi mmoja amekubali kunibadilishia plagi. Je, nitaweza kuziwasha?
Mpenda taa

JIBU: Ndugu yangu, usiziwashe, na umwambie fundi asihangaike na plagi. Balbu nane kwenye waya mmoja ni dalili ya taa zilizofungwa mfululizo, ambapo kila balbu imetengenezwa kwa volti 15, na nane zikijumlishwa zinafika volti 120 za umeme wa Marekani. Penye umeme wa volti 220 hadi 240, taa hizo zitang'aa kupita kiasi kwa muda mfupi sana kisha ziungue. Hata mahali penye volti 120, hatari kubwa iko kwenye waya wenyewe. Chini ya kile kitambaa kuna mpira ambao baada ya miaka sabini au themanini hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na nyaya tupu hukutana ndani ya mti mkavu usiku wa manane. Pinda kidogo sehemu ya waya karibu na kishikio cha balbu. Ukisikia mlio wa kukatika au ukaona unga mweusi, ikate plagi kabisa, ili asije mtu mwingine baada yako akajaribu.

Ukishaikata, una hazina. Balbu za sanamu, nyingi zikiwa zimetengenezwa Japani kwa kioo cheupe kama maziwa na kupakwa rangi kwa mkono, hupendeza zaidi zinapotazamwa kwa karibu kuliko zinapowaka juu ya mti. Mimi huziweka ndani ya chupa pana ya kioo safi, na nyuma ya chupa naficha taa ndogo za LED za betri, ambazo hazitoi joto la kuidhuru rangi. Kioo kile cheupe huupokea mwanga na kuonekana kana kwamba balbu zenyewe zimewashwa. Ni miaka mingi tangu Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipowasha balbu 80 kwenye mti wake jijini New York mwaka 1882, na hakuna aibu yoyote katika kumwachia fundi wa leo kazi ya kuangaza.

Tahadhari moja zaidi, kwa kuwa wanaonunua taa hizi mara nyingi hukutana nazo: zile taa zenye mrija wa majimaji yanayotoa mapovu, ambazo kampuni ya NOMA ilizisambaza Marekani kuanzia mwaka 1946. Majimaji yale si maji. Ni kloridi ya methilini, kemikali ya sumu inayochemka kwenye nyuzi joto zipatazo 40 za Selsiasi, ndiyo sababu joto la balbu ndogo linatosha kuyachemsha. Mrija mzima hauna neno ukiwekwa kabatini. Ukivunjika, fungua madirisha, toa watoto chumbani, na usiyaguse kwa mikono mitupu.

SWALI: Mama Mshauri, shikamoo. Miaka minne nimekusanya malaika, nyota, nyumba ndogo za karatasi, sahani za ukutani na kadi za zamani. Mwaka jana nilivitoa vyote, na mume wangu akasema kwa upole kwamba sebule imekuwa ghala. Nilisikitika, lakini nilipotazama picha tulizopiga niliona anasema kweli. Nipange vipi mwaka huu?
Mama wa sebule ndogo

JIBU: Marahaba mama. Kutazama picha ndiko kulikokusaidia, na ninapendekeza uendelee hivyo hivyo: kila unapomaliza kupanga kona, ipige picha kwa simu, kisha uitazame picha badala ya kona yenyewe. Jicho lililozoea nyumba husamehe mengi.

Kosa la wengi wetu tunaokusanya ni kudhani kwamba kila kitu tulichokipata kina haki ya kuonekana kila mwaka. Gawa vitu vyako katika mafungu matatu, utoe fungu moja tu mwaka huu, na mengine yalale kwenye maboksi. Kwa namna hii kila Desemba utakuwa na nyumba iliyopambwa upya bila kununua kitu, na vitu vyenyewe vitapumzika, kwa sababu mwanga wa jua na mikono ya watu ndivyo vinavyovizeesha kuliko miaka.

Kisha chagua kinachoviunganisha vitu vya fungu hilo. Kwa mapambo ya zamani, kigezo kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni malighafi. Kioo kikae na kioo, karatasi na karatasi, mti na mti. Rangi za mapambo ya miaka ya 1930 na za miaka ya 1960 hugombana, kwa kuwa za awali zilififia na za baadaye zilikuwa kali, waridi ya kung'aa na kijani cha tausi. Lakini vitu vya malighafi moja huelewana hata vikipishana umri, maana vyote huupokea mwanga kwa namna ileile.

Chukua mfano wa nyumba zako za karatasi. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa Japani kabla ya vita kwa ajili ya kuuzwa Marekani, zikapakwa gundi na kunyunyiziwa chenga za kumetameta mfano wa theluji, na nyuma ya kila nyumba kuna tundu la mviringo lililowekwa makusudi ili balbu ya mti iingizwe ndani na madirisha yawake. Yeyote asiyelijua tundu hilo hudhani nyumba imetobolewa. Zipange tano kwenye rafu moja iliyo chini ya usawa wa macho, kubwa nyuma na ndogo mbele, zikiwa zimepinda kidogo kama mtaa uliojengwa bila mpango, na katika kila tundu weka taa moja ndogo ya LED. Madirisha yake ni ya karatasi nyembamba nyekundu au ya manjano. Zima taa kubwa ya sebule, ukae mbele yake dakika tano. Utaona kwamba rafu nyingine zote katika chumba hicho zinahitaji kuachwa wazi, kwa sababu mtaa ule unataka usiku wa kuuzunguka.

Sahani za ukutani zina tabia nyingine. Ikiwa zako ni zile za buluu na nyeupe za Denmark, ujue kwamba kampuni ya Bing & Grøndahl ilianza kutoa sahani moja kila Krismasi mwaka 1895, na Royal Copenhagen ikafuata mwaka 1908, na kila sahani imeandikwa mwaka wake. Usitundike zote. Tafuta miaka yenye maana katika familia, mwaka wa harusi, mwaka aliozaliwa mtoto, mwaka wa kuhamia nyumba hiyo, uzitundike tatu au nne katika mstari mmoja mlalo, na mgeni akiuliza kwa nini hizi, utakuwa na la kumsimulia. Ninaziona kuwa nzuri zaidi peke yake ukutani, bila shada wala utepe.

Kadi ni rahisi. Zishikize kwa vibanio vidogo kwenye uzi, mbali na dirisha, au uzifungie kwenye fremu yenye kioo. Usizitoboe wala kuzibandika kwa gundi ya utepe, kwani gundi hiyo hugeuka kahawia na haitoki tena.

La mwisho kwako ni urefu. Vitu vidogo vikiwekwa mahali pa chini na vikubwa juu, chumba huonekana kimeelemewa. Malaika mmoja juu ya kabati, peke yake, anatosha.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimepata pakiti za nyuzi za fedha za kuning'iniza kwenye mti na boksi lililoandikwa kuwa ni theluji ya bandia. Vyote ni vya zamani na havijafunguliwa. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ninaweza kuvitumia?
Baba wa mtoto mdogo

JIBU: Ndugu yangu, usivitumie, hata mtoto akiwa amelala.

Nyuzi za fedha za zamani zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za madini ya risasi, kwa kuwa risasi ni nzito, huning'inia wima bila kutikisika na haipotezi mng'aro upesi. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na nchini Marekani watengenezaji na waagizaji waliacha kuuza nyuzi hizo kuanzia mwaka 1972 kwa makubaliano na serikali. Za plastiki zilizofuata ni nyepesi, hupepea mtu anapopita, na ukizikunja hurejea zilivyokuwa, ambapo za risasi hubaki na alama ya mkunjo. Usifanye jaribio hilo kwa pakiti yako isiyofunguliwa, iache imefungwa.

Theluji ya bandia ni jambo zito zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwa muda fulani wakati huo, asbesto iliuzwa kama theluji ya kupambia kwa sababu haishiki moto, na nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha magonjwa ya mapafu, ikiwemo saratani, miaka mingi baadaye. Siwezi kulijua boksi lako kwa barua, na wewe huwezi kulijua kwa macho. Usilifungue, lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na uulize mamlaka inayoshughulikia taka za hatari mahali unapoishi. Pamba nyeupe ya kawaida, ikiwekwa mbali na balbu zenye joto, itafanya kazi ya theluji vizuri kabisa.

Ukiwa katika hilo, viweke mbali na mtoto pia vinyago vya zamani vilivyopakwa rangi inayobanduka, maana rangi nyingi za wakati huo zilikuwa na risasi.

SWALI: Mama, shikamoo. Nina seti ya hori la Bethlehemu ya mti, ndogo ndogo, niliyoinunua kwa mafungu. Yusufu ni mkubwa kuliko wachungaji, kondoo mmoja hana mguu, na ng'ombe hayupo. Nifikirie kuzipaka rangi upya zote zifanane?
Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu, wewe ndiwe wa kuamkiwa: shikamoo. Ninakusihi usipake rangi. Ukigeuza kondoo wako na kutazama upande wake wa mbele na wa nyuma, huenda ukaona mistari ya mti ikikimbia kwa upinde mdogo. Katika kijiji cha Seiffen, kwenye milima ya Erzgebirge huko Ujerumani, mafundi wana ustadi wa kukereza pete nzima ya mti mbichi kwenye mashine, wakichonga mgongo, tumbo na miguu kwa kufuata mzunguko wa pete, huku sura ya mnyama ikiwa bado haionekani. Pete ikipasuliwa kama mtu anavyokata vipande vyembamba, kila kipande ni mnyama. Kondoo makumi kadhaa hutoka katika pete moja, kisha kila mmoja humaliziwa kwa kisu, akawekewa masikio na kupakwa rangi. Rangi mpya juu ya kazi hiyo itaziba mistari ya mti, na pamoja nayo ushahidi wa mahali kondoo alikotoka.

Yusufu mkubwa mweke nyuma kabisa au, bora zaidi, mweke mbele pembeni, karibu na anayetazama, na wachungaji uwasogeze mbali. Macho yataelewa kwamba walio mbali ni wadogo. Kondoo asiye na mguu mlaze kwenye manyasi makavu, kama kondoo aliyejipumzisha. Kuhusu ng'ombe, subiri. Tafuta aliyetoka katika mikono inayofanana, asiye na haraka, na mwaka ambao atapatikana utaukumbuka.

SWALI: Nimeona mti wa Krismasi wa aluminiamu, wa fedha mtupu, ukiwa kwenye boksi lake. Je, unafaa, na niutundikie taa gani?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Unafaa sana ikiwa matawi yote yapo, kwa hiyo yahesabu ukilinganisha na matundu ya shina kabla ya kulipa. Miti hii ilivuma kuanzia mwaka 1959, wakati kampuni ya Aluminum Specialty ya mji wa Manitowoc, jimbo la Wisconsin, ilipoanza kuuza ile iitwayo Evergleam. Usitundike taa yoyote ya umeme juu yake, kwa sababu matawi yake ni ya metali inayopitisha umeme, na waya mmoja uliochubuka unaweza kumpiga shoti atakayeugusa. Wenyewe waliumulika kutoka sakafuni kwa taa yenye gurudumu la rangi nne lililozunguka polepole, na mti ukawa mwekundu, wa buluu, wa kijani na wa manjano kwa zamu. Ukikosa gurudumu la zamani lililo salama, kurunzi ya LED yenye rangi zinazobadilika itatosha. Mipira ya rangi moja tu, na mti usogezwe mbali na ukuta ili mwanga upite nyuma yake.

SWALI: Mama Mshauri, shikamoo. Ndani ya kifuniko cha boksi nililonunua kuna majina matatu na miaka iliyoandikwa kwa penseli, wa kwanza ukiwa 1951 na wa mwisho 1988. Nijisikie vipi kuhusu majina hayo, niyafute? Pia naomba unieleze namna ya kuhifadhi vitu hadi mwaka ujao, maana boksi lina harufu ya ukungu.
Dada wa boksi la zamani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiyafute. Waliokutangulia waliandika kila mara boksi lilipohamia nyumba nyingine, na bila shaka walidhani atakayefuata atakuwa wa ukoo wao. Limekufikia wewe, na hilo si kosa la mtu.

Ukungu kwanza. Toa vitu vyote, uliache boksi wazi mahali penye hewa na kivuli kwa siku kadhaa, kisha ulipanguse kwa brashi kavu ukiwa nje ya nyumba na umefunika pua na mdomo. Harufu ikibaki kali, lihifadhi boksi hilo kama kumbukumbu, likiwa tupu, na mapambo uyahamishie kwenye boksi gumu jipya lenye vyumba. Funga kila pambo la kioo kwa karatasi laini nyeupe isiyo na asidi, ukiiviringisha kwa ulegevu, kwa sababu kioo hiki huvunjika kwa kubanwa mara nyingi zaidi kuliko kwa kuanguka. Gazeti usilitumie, wino wake huhamia kwenye rangi. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa nao haufai, kwa kuwa unyevu ulioingia hubaki humo humo ukiila fedha ya ndani. Weka badala yake vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, uvibadilishe kila mwaka. Vua kulabu kabla ya kufunga, maana kulabu ya pambo moja hukwaruza jirani yake. Vizito viwe chini, vyepesi juu, na boksi likae kabatini ndani ya chumba mnachokaa, si darini penye joto wala stoo ya sakafu yenye unyevu.

Kisha chukua penseli, usitumie kalamu ya wino kwa sababu wino huenea kwenye kadibodi ya zamani, na chini ya lile jina la mwaka 1988, kwa herufi za ukubwa uleule, andika la kwako na mwaka huu.